Pua Moja, Watu Wawili

Kijiko tulikiacha hewani, msomaji, na najua wiki nzima kimekukaa kooni. Haya, tukishushe.

"Mama, usile!"

Aliyepiga kelele ni Kizibo, akitoka jikoni mbio na aproni yake, mchanga ukiruka nyuma ya visigino. Kijiko kilikuwa kimebakiza upana wa kidole kuingia kinywani mwa Mkaguzi.

Mkaguzi ndiye mama wa mchumba wake. Alikagua shule mpaka akastaafu, ila ukaguzi wenyewe haujastaafu. Alipoketi tu aliinua uma kuutazama kwenye mwanga, kisha akachungulia upande wa chini wa meza. Leo alikuja na mwanawe kula chakula cha mchana kwa Shefu, baba yake Kizibo, ili wazee hawa wawili wapange siku ya harusi. Baada ya harusi vijana wangepanda ndege, maana mchumba kapata kazi nchi ya mbali.

Kizibo hakungoja kuulizwa. Alinyakua kijiko, akanyakua na bakuli la kome na magamba yao, mchuzi ukamwagikia kitambaa cheupe cha meza.

"Binti, una wazimu?" Mkaguzi aliuliza.

"Nisamehe, mama. Glasi imevunjika jikoni. Vipande vimeingia kwenye chakula."

Uongo ulimtoka mzima mzima, hata yeye ulimshangaza. Kwenye meza za jirani watu waliweka uma chini wakaanza kuchungulia sahani zao. Mchumba wake, kijana mpima ardhi, mtu wa maneno machache, aliinama juu ya bakuli kabla halijaondoka. Pua ikamkunjamana. Akamtazama Kizibo, Kizibo akamtazama, na yule kijana akafunga mdomo wake. Kwa hilo peke yake Kizibo alimpenda zaidi.

Maana hapakuwa na glasi yoyote. Kome walikuwa wameoza. Friji ilizimika usiku bila mtu kujua, ikajiwasha yenyewe alfajiri, na joto likafanya kazi yake hapo katikati. La kuvunda halina ubani, na hata umwagie vitunguu saumu na mvinyo mweupe wa bei mbaya, litanuka tu. Harufu ilimkuta Kizibo mlangoni mwa jikoni ikamrudisha nyuma.

Lakini kilichomtoa mbio si kome. Ni baba yake, ambaye wakati ule alikuwa kainamia sufuria ile ile, mvuke ukimpiga usoni, akitabasamu.

Kwa uliyetukuta njiani, nikuambie upesi tuendelee. Mgahawa huu watu wanauita Mchangani. Hauna sakafu, meza zimekaa juu ya mchanga wenyewe, na mgeni huvua viatu langoni akaviacha kwenye rafu, awe karani au waziri. Mkaguzi peke yake ndiye aliyekataa kuvua vyake. Kamba hapa wanakuja wakubwa kama mkono wa mtoto, ngisi laini, na mvinyo ni wa kumfanya tajiri avuke mji mzima kuufuata. Mvinyo huo aliuchagua mama yake Kizibo, na mama alifariki mwaka jana, jiko la zamani lilipolipuka kwa gesi.

Enzi zake, hakuna sahani iliyotoka jikoni mama hajaiinamia. Akishanusa akaridhika, aligonga ukingo wa sufuria kwa mwiko, ko-ko, mara mbili. Maana yake: nenda. Asiporidhika alifunika tu, asiseme neno, na chakula kile kikaenda pipani. Wateja walikuwa wakisikia ko-ko ile wanajifunga vitambaa shingoni. Wakamwita Mama Mwiko. Na huyu binti aliitwa Kizibo kwa sababu utoto wake wote alichezea vizibo vya chupa chini ya meza ya mama yake. Leo ndiye anayezifungua chupa hizo badala ya marehemu.

Sasa turudi jikoni.

Kizibo alifunga mlango kwa mgongo, akaweka bakuli mezani.

"Baba, hawa kome umewanusa?"

"Nimewanusa, ndiyo." Shefu hakugeuka. Alikuwa akifuta kisu ambacho tayari kilikuwa kikavu. "Wabichi kabisa. Wananukia bahari tupu. Kwani mgeni anasemaje?"

"Umewanusa mwenyewe?"

"Mwanangu, mimi nimeanza kunusa kome mama yako hajanijua."

Kizibo alitaka kuamini. Angetoa chochote aamini. Akakumbuka kwamba tangu msiba baba hajapika kome hata mara moja. Alisema hana hamu nao. Akakumbuka jinsi siku hizi anavyonunua samaki, anavyowafunua mashavu na kuwatazama macho, awatazame tena juani. Samaki unaweza kumjua kwa macho. Kome hana macho wala mashavu. Kome ni wa pua tu. Leo amewapika kwa sababu ndicho chakula alichokula na mama siku alipomposa, na alitaka harusi ya binti yake ipangwe nacho.

Chini ya sinki kulikuwa na chupa aliyoitenga asubuhi. Kizibo aliichukua, akamimina kidogo kwenye glasi, akampa baba yake.

"Ni ile ya mama," akasema. "Aliyoniwekea ya harusi. Nusa tu, usionje. Niambie kama bado nzima, niipeleke mezani."

Shefu alizungusha glasi kwa ufundi, kama alivyofundishwa na mkewe. Akaingiza pua ndani. Akafumba macho.

"Limau," akasema polepole. "Majani yaliyokatwa asubuhi. Na jiwe likinyeshewa na mvua."

Yalikuwa maneno ya mama, neno kwa neno, ya siku alipoionja chupa mwenza wa ile na kuapa kuiweka iliyobaki.

"Baba, hii siyo ile. Ya mama iko mezani kwenye ndoo ya barafu. Hii kizibo chake kilikuwa kimeoza, nimeitenga tangu asubuhi. Inanuka tambara la kudekia."

Shefu alifumbua macho. Aliitazama glasi kwa muda, akaiweka chini taratibu, akakaa juu ya kreti ya vitunguu.

"Tangu lini?" Kizibo aliuliza.

"Ile homa. Uliyokuwa ukinikanda kwa maji ya barafu."

"Miaka yote hiyo?"

"Niliamka homa imeondoka, pua nayo imeondoka. Sikusikia hata sabuni. Nikasema itarudi kesho. Nikasema itarudi mwezi ujao." Alijifuta uso kwa aproni. "Mama yako alijua siku ya kwanza tu. Nilimpikia uji ulioungua nikamwambia mtamu. Akaula wote, kisha akaja akasimama hapa karibu yangu. Ndipo alipoanza kugonga sufuria."

Kumbe! Wateja walidhani ni mbwembwe za mwenye nyumba. Mama alikuwa anamkopesha mumewe pua, sahani baada ya sahani, mbele ya macho ya watu, na hakuna aliyejua.

"Ungeniambia mimi, Baba."

"Shefu asiye na pua, mwanangu! Ningekuambia kwa uso upi? Mimi ndiye niliyekuwa nikikunusisha viungo ukiwa mgongoni kwa mama yako."

Kizibo alipiga magoti kwenye vigae vilivyolowa, akamkumbatia. Walilia wote wawili, na sufuria ya supu juu ya jiko ikafurika ikamwagikia moto bila mtu kuiangalia. Baba alikuwa amekonda. Chini ya koti lile jeupe mbavu zake zilihesabika, na Kizibo alijiuliza ni lini mara ya mwisho alimkumbatia.

Uamuzi ulimjia hapo hapo. Akiondoka, nani atamnusia mzee huyu? Siku moja atamuua mteja. Au ataugundua ukweli mtu mbaya, aucheke mjini. Baba afunge mgahawa? Hana kingine, ni huu tu na kaburi la mkewe.

"Basi mimi siendi popote," akasema. "Siolewi. Nitabaki, nitagonga sufuria."

"Usiseme hivyo!"

"Nimeshasema."

"Na mimi nimeshasikia," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa mchumba wake. Nyuma yake alisimama Mkaguzi, na safari hii, ajabu, hakuwa na viatu. Alivishika mkononi.

"Glasi yenu hiyo imeoza kweli," Mkaguzi alisema. "Harufu yake imetufuata mpaka mezani. Nikasema, nikaone glasi ya namna gani."

Mpima alikuwa amepauka. "Hivi ndivyo nilivyopaswa kujua? Kwa kusimama mlangoni?"

"Pua ya Baba haifanyi kazi," Kizibo alisema. "Hanusi chochote. Miaka sasa. Nimwache vipi?"

Hapo, msomaji, kila mtu alimngojea Mkaguzi. Mwanamke aliyechungulia chini ya meza, je, kwa huyu shefu aliyetaka kumlisha kome wabovu atasemaje? Kizibo alijiandaa kwa matusi. Shefu aliinuka kutoka kwenye kreti apokee yanayomstahili akiwa amesimama.

Mkaguzi aliweka viatu vyake chini, akamsogelea Shefu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mwenzangu," akasema. "Kwa nini umebeba mzigo huu peke yako? Marehemu mume wangu naye pua ilimfia. Tuliishi vizuri tu. Chumvi nilionja mimi, maziwa niliyanusa mimi, shati la jana nilimwambia vua. Vijana waoane, waende zao, sisi tutatafuta mpishi wa kukusaidia kunusa. Hilo ni la kuvunjia ndoa?"

Kizibo alishindwa kuamini masikio yake. Mpima alianza kutabasamu. Kwa muda mfupi, jikoni mle palikuwa na raha ambayo haijaonekana tangu mama afe.

"Kitu kimoja tu nilimkataza mume wangu," Mkaguzi akaendelea, akimpigapiga Shefu mkononi. "Kuwasha jiko peke yake. Hapo sikuwa na mchezo. Asiye na pua na gesi hawakai chumba kimoja."

Alikuwa anamfariji, maskini. Hakujua alichokisema.

Mkono wa Shefu ulichomoka kutoka mikononi mwake. Kizibo aliuona. Akaona na uso wa baba yake ukigeuka ukutani, upande wa lile jiko la zamani, ambalo sasa ni ukuta mpya uliopakwa chokaa.

"Baba," akasema.

Shefu aliendelea kuutazama ukuta.

"Baba, siku ile mama alikuwa na mafua. Nakumbuka. Nilimchemshia tangawizi. Alikuwa anacheka, anasema leo nyumba haina pua kabisa. Mimi nilidhani anajitania yeye mwenyewe."

"Kizibo, mpenzi," mchumba wake alisema kwa upole, "twende nje kwanza."

"Niache! Baba, nani aliangalia gesi siku ile?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Shefu aliyaficha maradhi yake miaka yote, na sasa kifo kilikuwa kimesimama jikoni kikimuumbua mbele ya wakwe.

"Aliniuliza," akasema bila kugeuka. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeongea na ukuta. "Alisimama mlangoni na kiberiti. Akaniambia, mume wangu, mimi leo sisikii kitu, na mtungi huu umebadilishwa sasa hivi. Mwite mtoto anuse kabla sijawasha."

"Mtoto nani?"

"Wewe. Ulikuwa nje unakunja vitambaa."

Kizibo alikuwa pale kweli. Alikuwa kwenye meza ya kwanza, karibu kabisa, anakunja vitambaa na kuimba. Aliusikia mlipuko akiwa na kitambaa mkononi.

"Kwa nini hukuniita?"

"Ungeuliza kwa nini mimi sinusi."

"Kwa nini hukuniita, Baba!"

"Niliona aibu." Sasa aligeuka, na machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni. "Nikamwambia nimeshaangalia, hakuna kitu, washa. Akaniamini. Mama yako aliniamini, akawasha."

Supu iliyomwagika ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye jiko hadi kwenye vigae. Mkaguzi aliweka kiganja mdomoni, kana kwamba anataka kuyarudisha maneno yake ndani, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Kizibo alimtazama mtu huyu aliyemlilia begani punde tu. Alimkumbuka mama yake kitandani hospitalini, amefungwa bandeji hadi usoni, akiuliza kama wateja wameshakula. Mapenzi yote aliyokuwa nayo yalimgeukia yakawa kitu kingine, kikali, na kikatafuta njia ya kutoka.

"Si ungewasha wewe," akasema. "Kwa nini hukuwasha wewe?"

Shefu alipepesa macho. Kisha akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mpishi anayepokea oda kutoka mezani.

"Ndiyo," akasema. "Kweli."

Kizibo alitoka.

Nje jua lilikuwa linawaka na watu wanakula. Mwanamume mmoja alikuwa anambandulia mwenzake ganda la kamba, wanacheka. Kizibo alipita katikati yao asione mtu, akajitupa kwenye kiti cha meza ya wageni. Mchumba wake alimfuata, na Mkaguzi nyuma, akitembea peku kwa taabu juu ya mchanga wa moto.

"Tuondoke leo," Kizibo alisema. "Harusi tufunge huko huko. Hata bila harusi. Nipeleke tu."

"Na Baba?"

"Sina baba."

"Unaye," Mpima alisema. "Yuko pale ndani, na anahitaji—"

"Usinifundishe! Wewe wako alikufa kwa uzee, kitandani kwake! Mama yangu aliungua! Kwa aibu, unasikia? Kwa aibu ya mtu mzima!"

Mkaguzi hakusema lolote la kukagua wala la kufundisha. Aliitoa chupa kwenye ndoo ya barafu, ile ya mama, ambayo Kizibo mwenyewe aliifungua wageni walipofika, akammiminia kidogo.

"Kunywa, mwanangu."

Kizibo aliinua glasi. Mazoea ni mazoea, pua ilitangulia. Limau. Majani yaliyokatwa asubuhi. Na jiwe, kweli kabisa, jiwe likinyeshewa na mvua. Maneno yote ya mama yalikuwa mle ndani, sawasawa, na mama mwenyewe hayupo. Kizibo aliiweka glasi chini bila kuonja, akalaza kichwa kwenye kitambaa kilicholowa mchuzi, akalia kwa sauti kama alivyoshindwa kulia siku ya mazishi, siku aliyokuwa akiwahudumia waombolezaji chai.

Alilia mpaka kifua kikauma. Na akilini lilimzunguka jambo moja asilolitaka. Mama alijua. Mama alijua pua ya mumewe imekufa, na bado alimpa nafasi ya kusema. Alisema mwite mtoto. Kila siku alimgongea, kila siku alimfichia, na siku ile alichoka kidogo tu, akamwachia mlango. Baba hakuupita.

"Alikuwa anampenda," Kizibo alisema, kichwa bado kimelala. "Ndiyo maana alimwamini. Si kwamba hakujua."

"Najua, mwanangu," Mkaguzi alisema. "Tulia kidogo. Hasira ni hasara. Kesho utamwambia mengine."

Jikoni, kidirisha cha kupitishia sahani kilifungwa. Kizibo alikisikia kikigonga fremu yake. Kisha mlango. Kisha komeo. Wahudumu wawili walikuwa nje wamesimama na sinia tupu, wakitazamana.

"Ametutoa," mmoja alisema. "Anasema atapika mwenyewe."

Halafu ikasikika.

Ko-ko.

Mwiko kwenye ukingo wa sufuria, mara mbili. Wateja wa zamani waliinua vichwa, kijiko mkononi, maana sauti ile hawajaisikia tangu mwaka jana. Mwanamke mmoja alianza kutabasamu, akijua fika kwamba haiwezekani.

Kizibo aliinuka. Baba hakuwahi kugonga sufuria maishani mwake. Ile ilikuwa kazi ya mama. Na maana yake ilikuwa moja tu tangu zamani.

Nenda.

Alitembea kuelekea jikoni, kwanza polepole, kisha haraka. Bado alikuwa na hasira. Alikuwa amejitayarisha kumwambia kuwa asiuchezee mwiko wa mama yake. Alifika mlangoni, akainua ngumi agonge, na hapo pua yake, pua aliyorithi kwa marehemu, ikamwambia.

Gesi.

Ilikuwa inapenya chini ya mlango, nzito, tamu, ya kuchefua. Jambo la kwanza aliloliwaza ni ile supu iliyofurika. Imezima moto, gesi inatoka, na mzee wa watu hasikii! Ni kosa lile lile tena, saa ile ile ya mchana! Na ndani alisikia kiberiti kikitikiswa, njiti zikicheza ndani ya boksi.

Nawaambia ukweli, wasomaji wangu, kwa sababu yeye mwenyewe hatausahau: kwa pumzi moja, Kizibo alinyamaza. Pumzi moja tu. Kisha akapiga kelele mpaka sauti ikapasuka.

"Baba, usiwashe! Gesi! Gesi imejaa!"

Kiberiti kilitulia.

"Najua, mwanangu," Shefu alisema kutoka ndani.

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeulizwa chumvi iko wapi. Asiye na pua ameijuaje gesi? Njia ya kuijua ni moja tu: awe ameifungua kwa mkono wake.

"Watoe wageni," Shefu aliendelea. "Wafikishe kule majini kabisa. Na wewe ondoka mlangoni. Nimeshakugongea. Nenda kaolewe."

"Mtungi!" Kizibo alimgeukia mchumba wake. "Uko nyuma, nje! Ufunge!"

Mpima alikimbia. Baada ya msiba Shefu aliujengea mtungi kizimba cha nondo nje, akautia kufuli. Kizibo aliyasikia mateke ya Mpima kwenye vyuma, halafu sauti yake: "Ufunguo! Ufunguo uko wapi?"

Ufunguo hukaa kiunoni kwa Baba, mchana na usiku.

Nyuma yake Mkaguzi alikuwa akifukuza watu kwenye meza kwa ile sauti iliyotetemesha shule nzima. Viti vilianguka, watu peku walikimbilia majini na vitambaa shingoni. Wahudumu wawili walijitupa kwenye mlango kwa mabega. Mlango ulikuwa mpya, wa mbao ngumu. Baada ya msiba Shefu alitaka kila kitu kiwe imara.

"Baba, fungua. Sikumaanisha lile neno."

"Ulimaanisha. Na ni kweli. Ilikuwa niwashe mimi."

"Baba, nakuomba!"

"Ondoka mlangoni, Kizibo."

Akafanya asilolitarajia hata mwenyewe. Aliwasukuma wahudumu kando, akaketi chini, mgongo kwenye mlango, miguu kainyoosha mchangani, jinsi alivyokuwa akikaa utotoni akichezea vizibo akisubiri jikoni wamalize kazi.

"Siondoki," akasema. "Ukiwasha, umewasha na mimi. Nisikilize. Siku ile nilikuwa nje hapa, nakunja vitambaa, na hukuniita. Leo niko hapa hapa. Niite, Baba. Hujachelewa. Niite tu, nije ninuse."

Mawimbi yalipiga, yakarudi. Alisikia pumzi za baba yake upande wa pili wa mbao, karibu sana, chini, kana kwamba naye ameketi mgongo kwa mgongo na yeye. Zilikuwa pumzi fupi, zenye kukwama.

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu homa ile, Shefu aliomba msaada.

"Kizi..." aliita. Ulimi ulikuwa mzito. "Kizibo, mwanangu, njoo uni..."

Hakumaliza. Kitu kizito kilianguka sakafuni mle ndani, na kiberiti hakina kishindo kile.